Geti la Bi Mratibu

Neno "bure" ndilo lililoharibu kila kitu. Laiti karatasi ile ingesema kuna ada, hata ada ya kukata maini, Fundi Nyundo angeguna, angekuna kichwa, kisha angeanza kutafuta pesa kama mzazi mwingine yeyote. Lakini karatasi ilisema bure, tena mara tano.

"Soma tena," alimwambia binti yake.

Cheche akasoma tena. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na ovaroli yake ya karakana, mikono bado ina masizi, maana hakuweza kusubiri hata anawe. Mafunzo ya juu ya kuchomelea vyuma, miezi sita, bure. Lugha ya huko, bure. Vipimo vya afya, bure. Viza na tiketi ya ndege, bure. Malazi ya miezi mitatu ya mwanzo, bure. Baada ya hapo, mkataba wa miaka mitatu katika kiwanda kinachounda mabehewa ya treni, na mshahara ambao baba yake alimtaka aurudie peke yake, polepole.

"Na anayelipa yote hayo ni nani?"

"Serikali yao na serikali yetu, Baba. Wamewekeana saini. Wao wana viwanda, mafundi hawana. Sisi mafundi tunao, viwanda hatuna. Kuna mfuko maalumu."

"Nakuuliza mtu, wewe unanijibu mfuko."

Mama Cheche, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, aliinua kichwa. "Baba Cheche, mtoto amekuwa wa kwanza kwenye usaili kati ya watu arobaini na wawili. Wanaume watupu, mwanamke yeye peke yake. Hilo hulisikii, unasikia bure tu?"

"Ng'ombe wa kuchinjwa naye hulishwa bure, mke wangu. Hajawahi kudaiwa pesa ya majani."

Chumba cha nyuma mtu akakohoa, kikohozi kirefu chenye mkwaruzo. Huyo alikuwa mdogo wake Fundi. Miaka kumi na miwili iliyopita wakala mmoja mwenye suti na maneno matamu alimpeleka ng'ambo. Pasi yake ikachukuliwa siku ileile aliyofika, na miaka minne baadaye akarudi na mapafu yaliyoungua kwa dawa za kiwandani na begi lenye shati moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile Fundi Nyundo aliona ung'ongo kila mahali, hata kwenye tangazo la chanjo.

"Wanataka barua moja tu kutoka kwako," Cheche alisema, sauti sasa imeshuka. "Barua ya karakana, yenye mhuri, kwamba nimefanya kazi kwako miaka mitatu. Mwisho ni Ijumaa ijayo. Na mwakani hawanichukui, Baba, nitakuwa nimepita umri. Ni sasa au basi."

"Nitaangalia," alisema Fundi, na mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni kuhakikisha mhuri upo.

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya mdogo wake. "Kaka, mimi nilikwenda na mtu. Huyu anakwenda na karatasi. Mwache."

"Wewe pumzika," Fundi akamjibu.


Jina la Nyundo alipewa na wateja. Kila kazi iliyotoka katika karakana yake, iwe kitanda, dirisha au tela la baiskeli, aliigonga kwa nyundo mara tatu kwenye kila mshono kabla haijapakwa rangi. Mshono mbovu ulipasuka palepale, na fundi aliyeuchomelea alianza upya huku wenzake wakimcheka. Watu walisema anayapiga mageti kama watoto watukutu. Kazi ya Cheche aliigonga mara nne. Haikuwahi kupasuka tangu binti alipokuwa na miaka kumi na tisa, na kila ilipokataa kupasuka, Fundi alipata furaha aliyoificha kwa kuguna.

Siku mbili zikapita bila barua. Jumatatu alisema wino wa mhuri umekauka. Jumanne alisema karatasi nzuri zimekwisha. Cheche alimletea wino na karatasi, akaviweka juu ya meza ya kazi, akavaa kinyago chake cha kuchomelea na kurudi kwenye mashine. Fundi aliona vibaya. Akavuka barabara kwenda kunyoa ndevu ambazo hazikuwa zimeota.

Kinyozi alikuwa mtu wa kujua yote. "Yule wakala wa mdogo wako alidai pesa?" aliuliza, wembe ukiwa shingoni mwa mteja wake.

"Alidai. Tena nyingi."

"Basi yule alikuwa mwizi wa kawaida. Mwizi wa kawaida anataka pesa yako, akishapata anaenda zake. Hawa wasiotaka pesa ndio wa kuogopwa. Jiulize, wanataka nini?"

Fundi alimeza mate kwa uangalifu, kwa sababu ya wembe. "Sasa nitajuaje?"

"Utajua kwa maneno yao? Hakuna tapeli bubu, rafiki yangu. Wewe chuma unakijuaje?"

"Nakigonga."

"Haya basi," alisema kinyozi, akampangusa povu sikioni.


Asubuhi ya pili yake Fundi alivaa shati lake la kwendea harusi, akaenda kwenye ofisi ya mradi. Mlinzi alimpa daftari aandike jina, namba ya simu na sababu ya kuja. Kwenye sababu aliandika: kuuliza. Mlinzi akasoma, akamtazama miguuni, akasema, "Mzee, jifute viatu hapo kwenye kitambaa." Vijana wawili waliomtangulia hawakuambiwa wajifute. Fundi akajifuta, akalihesabu hilo kuwa kosa la kwanza la ofisi.

Mratibu alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alisimama, akamwamkia shikamoo kwa heshima, akamletea maji mwenyewe. Hilo nalo Fundi akaliandika moyoni. Watu wa ofisi hawaleti maji.

"Pasi ya mtoto itakaa na nani?" aliuliza kabla hajakaa vizuri.

"Na mwenyewe. Mwajiri akiishika ni kosa la jinai kule na huku. Namba ya kupiga ni hii."

"Akiumwa?"

"Ana bima tangu siku ya kwanza."

"Akitaka kurudi?"

"Anarudi, mzee. Mkataba, ukurasa wa tisa. Nikusomee?"

Akamsomea. Kisha, bila kuombwa, akampigia kijana mmoja wa kundi la mwaka uliopita, na sura ya kijana ikatokea kwenye simu, kofia ngumu kichwani, mdomo umejaa mkate. "Shikamoo, mzee! Huku tunaonewa na baridi tu, kingine hakuna!" Fundi aliisogeza simu karibu na macho akaukagua ukuta uliokuwa nyuma ya kijana, akijiuliza kama si ukuta wa chumba cha pili cha ofisi hiyohiyo.

Kila jibu lilikuwa limenyooka, na hapo ndipo raha yake ilipopotelea. Katika umri wake wote hakuwahi kukutana na ofisi isiyomwambia njoo kesho. Akainua macho, akaona tangazo ukutani, limeandikwa kwa herufi kubwa: HUDUMA ZOTE NI BURE. MWOMBAJI AU NDUGU YAKE AKITOA ZAWADI YOYOTE KWA MTUMISHI, OMBI LITAFUTWA.

Alilisoma mara mbili. Akajiambia kimoyomoyo kwamba mwenye bucha asiyeuza nyama ya paka hana haja ya kubandika tangazo.

"Mwanangu," alimwambia mratibu alipokuwa akiaga, "nyumbani kwako pana geti?"

Yule mama akacheka. "Lipo la mabati, mzee, kutu imelila mpaka mbwa wanapita. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Ndiyo kazi yangu."

Alitoka akitembea kwa haraka. Kwa maoni yake, samaki alikuwa ameshauonyesha mdomo.


"Kuna mteja mkubwa," alimwambia Cheche mchana uleule. "Geti la futi kumi, milango miwili. Nalitaka Ijumaa asubuhi. Na nalitaka zuri kuliko yote uliyowahi kufanya."

"Mteja nani?"

"Mama mmoja."

Bahasha ya pesa asingeipeleka. Bahasha mtu huitia kwenye droo akaikana mbele ya Mungu. Geti la futi kumi halina droo ya kulificha. Angelipeleka hadharani, mchana kweupe, mbele ya watu. Mratibu akilipokea, Fundi angepiga yowe la mwizi na kuichana barua palepale, na watoto wa watu wangepona. Akilikataa, basi chuma ni chuma. Angempa barua kwa mikono miwili na kumwachia mwanawe aende kwa moyo mweupe. Aliupindua mpango huo kila upande na hakuona ufa. Lile tangazo la ukutani hata halikumjia akilini, kwa kuwa alikuwa ameshaliweka katika kundi la uongo, na uongo haumfungi mtu.

Cheche alifanya kazi siku mbili karibu bila kula. Alikata mabomba, akapinda nondo nyembamba zikawa majani marefu yanayopanda kutoka chini hadi juu, jani moja likimshika mwenzake, na kila mshono akausugua kwa brashi ya waya mpaka ukalala kama haupo. Alikuwa akiimba ndani ya kinyago. Alidhani anajua kinachoendelea: baba yake amekubali, ila kwa kuwa hawezi kusema, amempa kazi ya mwisho ya kuagana nayo. Alhamisi jioni alipomwona akipiga mhuri barua, akawa na hakika. Akamkumbatia kwa nyuma, masizi kwa masizi.

"Niipeleke kesho mapema, Baba?"

"Nitaipeleka mimi. Ni jambo la mzazi."

Kisha Fundi akachukua nyundo, akaligonga geti mara nne kila mshono. Halikulia vibaya hata mahali pamoja. Mama Cheche alikuwa amekuja na chai, akasimama mlangoni akitazama.

"Limetoka," Fundi alisema.

"Leo umesema neno," mkewe akamtania. "Tukuandikie tarehe?"


Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea barua, na mbele ya ofisi kulikuwa na foleni ndefu ya vijana na wazazi wao. Mkokoteni ukaingia ukilia magurudumu, geti limefungwa juu yake kwa kamba, msukuma mkokoteni akipiga mluzi ili watu wapishe. Nyuma yake alikuja Fundi Nyundo na shati lake la harusi.

"Mzigo wa Bi Mratibu!" alitangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Geti lake hili hapa! Jipya!"

Foleni ikageuka. Simu mbili tatu zikainuliwa. Mama mmoja akasema, "Ala, kumbe ndivyo wanavyopita?" na mwenzake akasonya. Mlinzi akakimbilia ndani.

Mratibu alipotoka, miwani tayari machoni, Fundi alimtazama kama anavyoutazama mshono uliotoka motoni sasa hivi. Aliutafuta mdomo uonyeshe tamaa. Alitafuta jicho likonyeze, mkono uashirie nyuma ya nyumba.

"Mzee, hii ni nini?"

"Zawadi yako. Ulisema la kwako limeoza. Hili amelitengeneza mwanangu huyohuyo uliyempa nafasi! Sogea, tazama mishono!"

"Liondoe," mratibu alisema. "Sichukui. Liondoe hapa sasa hivi."

"Hulitaki kabisa?"

"Silitaki!"

Furaha iliyompata Fundi Nyundo wakati ule hakuwahi kuipata siku ya harusi yake. Ilimpanda kutoka magotini. Miaka minane ya kuhofia kila mtu ilimtoka begani kama gunia linavyoshushwa. Watu wa kweli! Wapo! Alicheka kwa sauti, akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Basi chukua hii, mama. Barua ya mtoto. Nilikuwa nakujaribu tu. Nisamehe, nilikuwa nakujaribu. Umeshinda!"

Mratibu hakuinyooshea mkono. "Njoo ndani, mzee."

Ndani hakumletea maji. Alikaa, akafungua jalada, akalitazama muda mrefu. Fundi alibaki amesimama na barua yake.

"Uliliona lile tangazo?"

"Nililiona."

"Ukaelewa?"

"Nilidhani ni maneno tu."

"Kwa nini hukuniuliza, mzee, kama ulikuwa na shaka?"

"Niliuliza. Ulinijibu vizuri mno."

Mratibu akavua miwani, akajisugua macho. Fundi aliona kwamba anataka kulia, na hofu ya kwanza ya kweli ikamshika.

"Watu wote wale wamekuona," mratibu alisema. "Wamepiga picha. Nikimpitisha mwanao leo, kesho mtaa mzima utasema geti niliingiza usiku. Wenye fedha zao wataufunga mradi, na vijana wote kumi na sita waliochaguliwa watabaki hapahapa. Lazima niandike. Ombi limefutwa."

"Mtoto hakujua!"

"Umesema mbele ya foleni nzima kwamba amelitengeneza yeye."

"Alidhani ni la mteja. Nakuapia. Andika kwamba baba yake alikuwa anajaribu."

Yule mama alimgeuzia fomu aione. Palikuwa na sehemu ya tarehe, ya jina, ya aina ya zawadi, na ya thamani yake kwa makadirio. "Nionyeshe pa kuandika hivyo," alisema.

Fundi aliinama. Akatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta ufa. Kisha akapiga magoti. Mtu wa miaka hamsini na nane, na shati lake la harusi, alipiga magoti mbele ya meza, na mratibu akazunguka haraka akamwinua kwa kwapa, akimwambia hapana, mzee, usinifanyie hivyo, tafadhali, usinifanyie hivyo.


Walimsubiri sebuleni. Mama Cheche alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani. Mdogo wake Fundi alikuwa ametoka chumba cha nyuma, jambo ambalo hakulifanya kila siku, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Cheche alikuwa amenawa mpaka viwikoni.

Fundi aliwaambia yote akiwa amesimama. Hakujisetiri popote. Alisema geti lilikuwa la nani, alisema kwa nini, alisema alichokitangaza mbele ya foleni. Alipofika kwenye fomu, mkewe alishika kichwa kwa mikono miwili.

Cheche hakupiga kelele. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

"Angelipokea, ungefanyaje?" aliuliza.

"Ningeichana barua. Nisingekuachia uende kwa mwizi."

"Na amelikataa, wamenifuta. Sasa mimi, Baba, katika huo mpango wako, njia yangu ya kupita ilikuwa wapi?"

Fundi aliupitia tena mpango wake, ule aliouona hauna ufa, na kwa mara ya kwanza akautazama kutoka upande wa mwanawe. Hapakuwa na njia.

"Nilitaka uhakika," alisema. "Uhakika tu, mwanangu. Nilikuwa naogopa."

"Pengine ni Mungu," Mama Cheche alidakia haraka, akamshika binti yake mkono. "Nani ajuaye? Pengine ni wezi kweli, wamekataa geti kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Pengine umeepushwa na makubwa. Sivyo, Baba Cheche?" Na macho yake yakamganda mumewe, yakimwomba.

Mdogo wake Fundi naye alimtazama. Hata kikohozi alikuwa amekizuia.

Cheche akainua uso. Kulikuwa na kitu machoni mwake kilichofanana na tumaini, na ndicho kilichomchoma baba yake kuliko kitu chochote siku ile. Neno moja lingetosha. Shaka ndogo tu, ya aina ile aliyoimwaga bila hesabu kwa miaka minane, na mtoto angelala usiku ule, na angezeeka akisema nilinusurika.

"Ni wezi, Baba?"

Fundi Nyundo alizitafuta zile shaka zake zote, asione hata moja.

"Hapana," alisema. "Ni watu wa kweli."

Ndipo Cheche akalia.